Nyuki wanapungua Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wakulima na wafugaji nyuki wa Muheza, Korogwe, Lushoto, Pangani na Handeni. Mengine huulizwa shambani, mengine sokoni Mgandini, mtu ameshika chupa ya asali anashangaa bei. Nimeyajibu yalivyokuja, bila kuyapanga sana.

Ni kweli nyuki wanaisha duniani?

Inategemea unahesabu nyuki gani. Mizinga inayofugwa haijapungua duniani. Kwa hesabu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiongezeka tangu miaka ya 1960, na sasa imepita milioni 90. Lakini jumla hiyo inaficha mengi. Marekani ilikuwa na makundi karibu milioni 6 mwaka 1947, na kufikia 2008 yalibaki kama milioni 2.4. Hata hayo yaliyobaki hayatulii: miaka mingi wafugaji wa kule hupoteza theluthi ya makundi au zaidi, kisha wanagawa yaliyopona ili kujaza mizinga iliyobaki mitupu. Kwenye karatasi idadi imesimama, kumbe kazi na gharama ya kuisimamisha inapanda kila mwaka.

Kisha kuna nyuki wa porini, wasio na mwenyewe. Hapa kwetu hao ndio wengi, wanakaa kwenye mashimo ya miti, mapango na vichuguu vilivyoachwa. Mtu akipoteza mzinga wake anajua siku ile ile. Mti wenye nyuki ukiangushwa Kilindi kwa ajili ya mkaa, hakuna anayeandika popote. Ndiyo maana naona tatizo letu ni gumu kuliko la Wamarekani. Wao wana madaftari ya hasara, sisi tunagundua tikiti zikishaanza kupinda shambani kwa kukosa nyuki wa kuchavusha maua.

Nilisikia nyuki wa Marekani walitoweka ghafla. Walikwenda wapi?

Novemba 2006, mfugaji mmoja wa Pennsylvania aitwaye David Hackenberg alifungua mizinga yake iliyokuwa Florida. Akakuta asali ipo, watoto wapo, lakini nyuki wakubwa karibu wote hawapo, na chini hapakuwa na mizoga. Wenzake wengi wakaeleza jambo hilo hilo majira yale. Nyuki mgonjwa huwa harudi kufia nyumbani. Hufia njiani au porini, ndiyo maana mzinga ulionekana kama nyumba iliyohamwa usiku.

Chanzo kimoja hakikupatikana. Kilichoonekana ni mambo kadhaa kwa pamoja: utitiri wa varoa, virusi anavyovisambaza, viuatilifu, chakula cha aina moja, na safari ndefu za malori. Kila mwanzo wa mwaka zaidi ya nusu ya mizinga ya nchi ile hupakiwa na kupelekwa California kuchavusha mlozi peke yake. Nyuki wa kutoka kila pembe wanakutana uwanja mmoja, kila mmoja na ugonjwa wake.

Huyo utitiri wa varoa ameshafika Tanzania?

Ameshafika. Alithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Asili yake ni nyuki wa Asia, ambao wamezoeana naye. Alipohamia kwa nyuki wa Ulaya alikuta mwili usio na kinga, na Marekani alionekana mara ya kwanza mwaka 1987. Ni mdogo, mwekundu wa kahawia, bapa, unamwona kwa macho akiwa amejibana tumboni mwa nyuki. Anazaliana ndani ya vyumba vya sega vilivyofunikwa, juu ya mtoto wa nyuki.

Habari njema ni kwamba nyuki wa Afrika wanamstahimili. Hawa wetu wa pwani, na wale wa bara kule Handeni, ni wasafi mno: hung'oa watoto wagonjwa na kuwatupa nje, na husafishana miili. Pia wanagawanyika na kuhama mara kwa mara. Nyuki wakihama wanaacha masega yenye watoto, na utitiri mwingi unabaki humo. Ile tabia inayotuudhi sisi wafugaji ndiyo inayowaokoa.

Kwa hiyo akija mtu na dawa ya kuweka mzingani kuua varoa, mwambie ahsante, apite. Dawa hubaki kwenye nta, hufika kwenye asali, na huwalinda nyuki dhaifu ambao kwa kawaida wangepisha walio imara.

Kama si utitiri, nyuki wa Tanga wanapunguzwa na nini?

Kwanza, makazi. Kundi la nyuki wa porini linataka shimo kavu lenye nafasi ya kutosha, na shimo la namna hiyo linapatikana kwenye mti mzee. Mti mwembamba hauna tundu. Miti mikubwa ya miombo ya Handeni na Kilindi ilikuwa nyumba ya nyuki na jiko lao pia, maana myombo na mtondoro wakichanua, porini kunavuma. Leo miti hiyo imo kwenye magunia kando ya barabara. Mkaa unalaumiwa zaidi, na kwa haki, ingawa shamba jipya la mahindi linaloanza kwa kusafisha kila kitu hadi kisiki halina tofauti kubwa.

Pili, moto. Moto wa kuandaa mashamba unaoachwa ukipanda mlima hula maua na nyuki waliolala ndani ya miti. Na kuna moto wa warina asali. Wale wanaokwenda usiku na kienge cha majani makavu, wakauchoma mdomo wa tundu, wakatoa masega yote, yenye asali na yenye watoto, wanapata ndoo moja mara moja tu. Wengine huangusha na mti. Hawa si watu wabaya, wengi ni vijana wanaotafuta ada ya mtoto. Lakini bomba la moshi linaweza kutengenezwa kwa kopo na kipande cha ngozi, na ukiacha masega ya watoto na asali kidogo, kundi litakuwepo msimu ujao.

Tatu, dawa za mashambani. Hizo zinahitaji jibu lake.

Nne, mvua zisizoeleweka. Masika ikichelewa au vuli ikikatika, maua yanachanua kidogo au bila maji matamu ndani yake, na nyuki wenye njaa wanahama. Wakihamia mahali penye maua, hakuna hasara. Wakifika penye mashamba yaliyopuliziwa, hapo ndipo wanapoishia.

Dawa gani zinaua nyuki, na nifanyeje kama lazima nipulizie?

Karibu kila dawa ya kuua wadudu inamwua nyuki, maana nyuki naye ni mdudu. Swali la maana ni lini, wapi na ya namna gani.

Soma kibandiko utafute jina la kiambato, si jina la biashara. Imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu zinaingia ndani ya mmea na kutokea kwenye chavua na mbochi, yaani maji matamu ya ua. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku hizo tatu kwa mazao yasiyolimwa ndani ya vibanda vilivyofunikwa (greenhouse) mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Ubaya wake hauonekani haraka: nyuki hafi palepale, anapoteza njia ya kurudi mzingani, na kundi linapungua kidogo kidogo.

Dawa za unga ni mbaya kwa namna yake. Mwili wa nyuki una manyoya ya kushikia chavua, na unga wa dawa unashika humo humo. Anaubeba hadi nyumbani, anawalisha watoto. Kama kuna ya maji na ya unga kwa mdudu yule yule, chukua ya maji.

Muda wa kupulizia ni jioni, jua likishaelekea kuzama na nyuki wamerudi. Asubuhi saa mbili hadi saa tano ndiyo saa mbaya kuliko zote, na ndiyo saa ambayo wengi wetu tunabeba bomba mgongoni kwa sababu bado kuna baridi. Wakati shamba limechanua usipulizie kabisa, hata kama ni magugu tu yaliyotoa maua katikati ya mistari. Mwambie jirani mwenye mizinga siku moja kabla, aweze kuifunika kwa gunia bichi. Na tafadhali, bomba lisioshwe kwenye kijito. Nyuki hunywa maji kama sisi, hupenda mahali pa kina kifupi penye tope, na hapo ndipo mabomba yanapooshwa.

Kwa wakulima wa nyanya na kabichi wa Lushoto, wanaopulizia kila wiki iwe kuna mdudu au hakuna: kagua kwanza. Utaokoa hela kabla hujaokoa nyuki.

Dawa ya magugu je? Si inaua majani tu?

Inaua majani ambayo nyuki wanayategemea mazao yasipochanua. Acha ukingo wa mita mbili tatu bila kupulizia.

Ni mazao gani ya hapa kwetu yanahitaji nyuki kweli?

Hapa watu hutia chumvi. Mahindi na mpunga huchavushwa na upepo. Muhogo unapandwa kwa vipande vya shina, ndizi kwa machipukizi, mkonge unavunwa majani. Nyuki wote wakitoweka, ugali utakuwepo. Kitakachopungua ni kitoweo, matunda, mafuta, na zile fedha za mwisho wa msimu. Duniani kote, kiasi cha robo tatu ya mazao makuu ya chakula hunufaika angalau kidogo na wadudu na viumbe wengine wanaochavusha, lakini kwa uzito mazao hayo ni kama asilimia 35 ya chakula chote kinacholimwa.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa karibu, panda mlimani hadi Amani, Muheza, ukaangalie viungo. Karafuu huvunwa ikiwa tumba, kabla ua halijafunguka, kwa hiyo mkulima wa karafuu hana deni kwa nyuki. Mdalasini ni gome. Lakini hiliki! Ua lake linatoka chini, karibu na udongo, kwenye kivuli cha msitu, linafunguka asubuhi na siku hiyo hiyo limekwisha. Nyuki asipolifikia ndani ya saa hizo, hakuna tunda. Shamba la hiliki lililo mbali na msitu linaweza kupendeza kwa majani na lisikupe kitu. Wazee waliolima hiliki chini ya miti mikubwa hawakuwa wavivu wa kufyeka.

Parachichi nalo lina visa. Ua moja hufunguka mara mbili: mara ya kwanza kama jike, likafunga, kisha kesho yake kama dume. Aina ya Hass huwa jike asubuhi na dume mchana wa kesho yake. Fuerte huwa jike mchana na dume asubuhi ya pili. Ukipanda Hass peke yake Lushoto, unategemea bahati. Ukichanganya na Fuerte kidogo, nyuki anapita huku ana chavua ya huyu na kumkuta yule yuko tayari. Mche bila nyuki ni hasara, na nyuki bila mchanganyiko ni nusu ya faida.

Alizeti za Handeni hupata punje mapepe nyingi katikati ya kichwa wadudu wakiwa wachache. Mikorosho na miembe hutembelewa na nyuki na inzi wengi. Pesheni ya njano inataka yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa boriti, kwa sababu nyuki wa asali ni mdogo mno hata kuigusa sehemu ya ua inayopokea chavua. Hao hao ndio wanaotikisa ua la nyanya likamwaga chavua, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Usiwapigie dawa kwa kuwa wametoboa banda la kuni.

Machungwa ya Muheza yataisha nyuki wakiisha?

Hapana. Machungwa yetu mengi yanajichavusha yenyewe, nyuki wanaongezea tu. Upande wa pili ndio wenye deni kubwa: michungwa ikichanua, wafugaji wa Muheza wanapata asali yenye harufu ambayo huhitaji kuuliza imetoka wapi.

Tikiti zangu zimepinda, upande mmoja mnene, mwingine umesinyaa. Ni mbegu mbovu?

Mara nyingi si mbegu. Pasua moja, uangalie upande uliosinyaa: mbegu zake ni nyeupe, laini, hazikukomaa. Upande ambao mbegu hazikushika, nyama haijai.

Mtikiti una maua ya kiume na ya kike, mbalimbali. La kike utalijua kwa kitikiti kidogo chenye manyoya chini ya petali. Linafunguka asubuhi moja tu, na linahitaji kutembelewa na nyuki si chini ya mara nane ili lipate chavua ya kutosha. Akija mmoja, akaja wa pili, basi, unapata tunda lililopinda au kitikiti kinachokauka na kudondoka.

Fanya jaribio hili. Kaa shambani kati ya saa moja na saa nne asubuhi, chagua maua matano ya kike, uyatazame. Kama saa hizo zinapita maua yakiwa bila mgeni, tatizo umeliona. Kwa muda unaweza kuchavusha kwa mkono: chuma ua la kiume, toa petali, upake chavua yake katikati ya ua la kike. Kule Hanyuan, mkoa wa Sichuan, China, wakulima wa peasi hufanya hivyo kwa brashi, wakipanda miti tawi kwa tawi. Kwa bustani ya nyumbani inawezekana. Kwa ekari tatu utalipa vibarua hadi faida iishe.

Niweke mizinga mingapi?

Kwa tikiti, matango na maboga, mizinga 1 hadi 2 kwa ekari inatosha, kama ina makundi yenye nguvu. Mzinga mtupu haukusaidii, na mitupu ndiyo mingi. Iweke kivulini, mdomo usielekee njia ya watu wala ua la mbuzi. Ipeleke maua ya kwanza yakishafunguka. Ukiiwahisha, nyuki watazoea maua ya jirani.

Je, nimlipe mwenye mizinga, au yeye ndiye anilipe kwa kuweka shambani kwangu?

Swali zuri, na huku kwetu linajibiwa kinyume. Mkulima wa mlozi California hulipa kama dola 200 kwa mzinga mmoja kwa msimu mmoja wa maua. Hapa mfugaji ndiye anayebembeleza apewe kona ya shamba, kisha anatoa chupa ya asali kwa shukrani. Sisemi ulipe dola 200. Nasema usimdai chupa, na usimfiche siku ya kupulizia.

Nyuki wangu walikuwa wengi, nimekuta mzinga mtupu. Jirani amefanya jambo?

Ninalijua swali hili linavyoulizwa, sauti chini. Kabla hujakwenda kwa mtaalamu, fungua mzinga. Ukikuta utando na viwavi kwenye masega, ni nondo, ingawa nondo mara nyingi huja kundi likishakuwa dhaifu. Ukikuta masega yanayovuja na kunuka uchachu, ni mbawakawa wa mzinga. Masega safi yasiyo na asali hata tone ni njaa au kiu. Miguu ya mzinga bila mafuta machafu ya kuzuia wadudu, na njia nyembamba ya wadudu ardhini, ni siafu. Mzinga uliopasuliwa na kutupwa chini ni nyegere, na huyo hana mganga.

Kama sega liko sawa na mzinga unachemka mchana kutwa juani, umejibu mwenyewe. Usafishe, uusogeze kivulini, upake nta mpya mlangoni. Watarudi wengine.

Kundi limetua kwenye mwembe wa nyumbani. Mama mkwe anasema ni baraka, mume wangu ameshachukua petroli.

Msikilize mama. Nyuki waliojikusanya tawini kama fundo, bila sega, wako safarini. Wameshiba asali, hawana watoto wa kulinda, na kwa kawaida huondoka siku hiyo au baada ya siku chache. Ingiza watoto na mifugo ndani, msirushe kitu, msifukize. Wakishaingia darini na kujenga, mwite mfugaji au afisa ufugaji nyuki wa halmashauri, awahamishe usiku. Petroli inachoma nyumba kwanza.

Nyuki wadogo wasiouma wana faida yoyote shambani?

Wana faida kubwa. Ni wale wenye kibomba cha nta kinachochungulia ukutani au kwenye gogo. Wanaingia kwenye maua madogo ambayo wakubwa wanayapita, hawasumbui watoto, na wanafugika kwenye kisanduku barazani. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, na inauzwa ghali kuliko ile nyingine. Usivunje ukuta wote kuifuata.

Pangani na Mkinga tuna mikoko. Inahusu nyuki?

Mikoko huchanua na nyuki huifuata, na asali yake ina rangi na ladha yake. Mizinga ikining'inizwa ndani ya mikoko ni vigumu kwa nyegere na siafu kuifikia, maji ya bahari yanakulindia. Jambo jingine, mkata mikoko kwa siri hapendi kupita penye mizinga.

Einstein alisema nyuki wakiisha binadamu tunabaki na miaka minne. Ni kweli?

Hakuna andiko wala hotuba yake yenye maneno hayo. Yalienea sana baada ya yeye kufariki mwaka 1955. Acha kuyatuma kwenye makundi ya WhatsApp.

Sheria inatusaidiaje?

Ipo Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, inayoruhusu kutenga hifadhi za nyuki. Kijiji chenye kipande cha msitu kilichobaki kiulizie halmashauri mapema. Maeneo ya namna hiyo hutengwa kirahisi kabla hayajagawiwa mashamba.

Asubuhi nimekuta nyuki wamekufa wengi mlangoni mwa mzinga. Nifanye nini?

Waangalie ndimi. Kama wengi wamekufa ndimi zimetoka nje, na wengine wanazunguka chini wakitetemeka bila kuruka, shuku dawa. Okota kama kikombe kimoja cha mizoga siku ile ile, uweke kwenye bahasha ya karatasi, kisha kwenye friza la mtu dukani kama huna lako. Mfuko wa plastiki utawaozesha. Piga picha mlango wa mzinga. Andika tarehe, saa, mashamba yaliyopuliziwa siku mbili tatu zilizopita, na jina la dawa kama unaweza kulipata kwenye chupa iliyotupwa. Peleka taarifa kwa afisa ufugaji nyuki au afisa kilimo wa wilaya, naye aifikishe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usile wala usiuze asali ya mzinga huo hadi upate jibu.